Maswali ya Wasomaji: Mbio za Siku Moja na Mabingwa Wake

Barua za mwezi huu karibu zote zimeelekea upande mmoja: mbio za baiskeli za siku moja, zinazoanza asubuhi na kumalizika jioni hiyohiyo, zisizo na kesho ya kurekebisha makosa. Walioandika ni mashabiki, wazazi, fundi mmoja na vijana wanaoshindana wenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, bingwa wa Tour de France husifiwa kuwa ndiye mwendesha baiskeli bora duniani. Mbona zikifika mbio kama Paris-Roubaix, mara nyingi jina lake halimo hata kwenye orodha ya wanaoanza? Anaogopa?

JIBU: Si woga, ndugu yetu. Ni kazi mbili tofauti. Kwenye Tour muda wa wiki tatu hujumlishwa, na mtu anaweza kutwaa taji bila kushinda hata siku moja. Kwenye mbio za siku moja hakuna hesabu ya jana: anayetangulia kukata mstari ndiye mshindi, basi.

Mbio kuu za aina hii ni tano, na wenyewe huziita Monumenti: Liège-Bastogne-Liège iliyoanza mwaka 1892, Paris-Roubaix ya 1896, Il Lombardia ya 1905, Milano-Sanremo ya 1907 na Ronde van Vlaanderen ya 1913, ambayo wengi huiita Flanders. Kila moja ina urefu wa kilomita 240 hadi karibu 300, na kila moja inataka mwili wake. Liège na Lombardia zina milima mirefu, kwa hiyo zinawafaa watu wepesi wa kilo 60 na kidogo. Sanremo ni ndefu na karibu yote ni tambarare, kisha mambo huamuliwa kwenye kilima cha Poggio, chenye kilomita 3.7, ambacho kilele chake kiko kilomita tano na nusu hivi kabla ya kumaliza. Roubaix haina mlima wowote, ila ina vipande karibu 30 vya barabara ya mawe, jumla yake kilomita 55 hivi. Hapo mtu wa kilo 60 hurushwa na mawe kama kikapu kitupu juu ya gari. Mtu wa kilo 80, kama alivyokuwa Fabian Cancellara wa Uswisi, hutulia barabarani, na kwenye tambarare uzito wake haumgharimu kama mlimani.

Ndiyo maana hadi mwisho wa mwaka 2025 ni wanaume watatu tu waliokuwa wameshinda zote tano: Rik Van Looy, Eddy Merckx na Roger De Vlaeminck, wote wa Ubelgiji. Philippe Gilbert alifikisha nne, Sanremo ikamshinda. Tom Boonen alishinda Roubaix mara nne na Flanders mara tatu, lakini Sanremo, Liège na Lombardia hakuzipata kamwe, na hakuna anayethubutu kusema hakuwa bingwa.

Sababu ya pili ni hesabu ya timu: mtu anayelipwa kushinda Tour Julai akivunjika mkono Roubaix Aprili, mwaka umekwisha. Tadej Pogačar wa Slovenia ameuvunja mwiko huo. Mwaka 2025 alikwenda Roubaix kwa mara ya kwanza, akaanguka zikiwa zimebaki kilomita 38 hivi, na bado akamaliza wa pili nyuma ya Mathieu van der Poel. Julai hiyohiyo alishinda Tour.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16. Anashinda mashindano ya vijana na sasa anataka kuendesha kilomita 150 kila siku. Nimwache? Na njia ya kufika kwenye timu za kulipwa ikoje? Ni mimi mama yake.

JIBU: Hapana, mama, usimwache. Kijana wa umri huo saa 10 hadi 12 kwa wiki zinamtosha: safari moja ndefu ya saa tatu au nne, siku mbili za mazoezi makali mafupi, nyingine za mwendo wa kawaida, na angalau siku moja ya kupumzika kabisa. Kilomita 150 kila siku humfanya awe mchovu daima, na mchovu hujifunza mwendo mmoja tu, ule wa katikati, ambao haushindi mbio yoyote.

Jambo linaloharibu magoti ya vijana kuliko yote ni siti isiyofuata urefu wao. Mpime kila miezi mitatu. Asimame pekupeku, mgongo ukutani, kitabu kikiwa kimebanwa juu katikati ya mapaja, upime kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha kwa 0.883. Akiwa na sentimita 80, siti iwe sentimita 70.6 kutoka katikati ya ekseli ya krenki, ile iliyo ndani ya fremu inayozungushwa na pedali, hadi juu ya siti. Ni kipimo cha kuanzia tu: goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno, likiuma nyuma, iko juu mno. Rekebisha milimita tatu kwa mara moja, usubiri wiki. Asipende giya nzito. Mizunguko 85 hadi 95 ya pedali kwa dakika ndiyo iwe mazoea yake.

Kuhusu njia: miaka 17 na 18 ni daraja la vijana, 19 hadi 22 ni daraja la chini ya miaka 23, na juu yake kuna timu za ngazi tatu. Ya chini ni Continental, ya kati ProTeam, ya juu kabisa WorldTeam. Kanuni za UCI, shirikisho la dunia la baiskeli, zinamlinda anayeingia ngazi mbili za juu kwa mara ya kwanza: mkataba wake haupungui miaka miwili. Timu hutazama matokeo ya mbio za kimataifa za vijana, hutazama kumbukumbu za kipima nguvu cha baiskeli yake, na huuliza watu kama anasikiliza anapofundishwa. Biniam Girmay wa Eritrea alipitia kituo cha UCI kilichoko Aigle, Uswisi, akaingia timu ya Ufaransa mwaka 2020, akahamia ya Ubelgiji katikati ya 2021, na mwaka huohuo akapata medali ya fedha kwenye mashindano ya dunia ya chini ya miaka 23 mjini Leuven.

Na asiache shule. Mbio hizi hazina haraka: wengi hufikia kilele kati ya miaka 26 na 33, na Gilbert alishinda Roubaix mwaka 2019 akiwa na miaka 36.

SWALI: Mimi ni fundi. Naona kwenye mawe wanapunguza upepo wa tairi, wakati sisi siku zote tumeambiwa tairi gumu ndilo linalokimbia. Wanajaza kiasi gani, na nini kingine kinabadilishwa kwenye baiskeli?

JIBU: Tairi gumu linakimbia kwenye sakafu laini ya ukumbi. Kwenye mawe linaruka, na kila linaporuka, nguvu iliyotoka mguuni inakwenda kuutikisa mwili badala ya kuisukuma baiskeli mbele. Tairi lenye upepo kidogo hulimeza jiwe, baiskeli ikapita bila kupanda na kushuka.

Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi la milimita 32 lisilo na tyubu, anzia bar 3.6 mbele na 3.9 nyuma, yaani PSI 52 na 57 hivi. Kisha tafuta kipimo chake mwenyewe. Mpeleke kwenye kilomita moja ya mawe, apite kwa mwendo wa mashindano, upunguze 0.2 kila mzunguko mpaka asikie rimu imegonga jiwe mara moja au mbili. Ukifika hapo ongeza 0.3 na uandike. Hicho ndicho kiwango chake cha siku kavu. Mvua ikinyesha, punguza 0.2. Tumia kipimo cha upepo, usitumie kidole gumba: kidole hakiwezi kutofautisha 3.6 na 4.1, na tofauti hiyo ndiyo mbio yenyewe.

Ukizidisha kupunguza, yanatokea haya. Tairi lenye tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu, tyubu ikapata matundu mawili sambamba, kama alama za meno ya nyoka. Tairi lisilo na tyubu hupoteza upepo pembeni linapolala kwenye kona, au rimu hupasuka. Dawa ya kuziba matundu iwe mililita 40 hadi 60 kwa kila gurudumu, nayo hukauka, kwa hiyo ichunguze kila miezi miwili. Huziba tundu la mwiba au kijiwe. Mkato uliosababishwa na rimu haizibi. Timu nyingi huweka pia kamba nene ya povu ndani ya tairi, ili mtu aweze kuendelea kilomita kadhaa bila upepo mpaka afike penye gurudumu jingine.

Baada ya matairi, pita kwenye kila nati na kila skrubu. Mtikisiko wa mawe hulegeza vitu ambavyo havijawahi kulegea. Skrubu za kishikio cha chupa zipakwe gundi ya nyuzi. Kishikio chenyewe kibanwe kidogo au kiwekwe utepe wenye ukwaru ndani, kwa sababu hasara inayowakuta wageni kila mwaka ni kupoteza chupa zote mbili kwenye kipande cha kwanza cha mawe, ikiwa bado kuna saa tatu za safari. Utepe wa usukani uzungushwe mara mbili. Mbele meno 54 au 55, nyuma 11 hadi 28 yanatosha kwa sababu hakuna milima, na kizuizi cha cheni kiwekwe. Nafasi kati ya tairi na fremu isipungue milimita nne kila upande, la sivyo tope litajaa na kuikwangua fremu.

Shingo ya uma, ile inayopanda ndani ya fremu kushika usukani, isifanyiwe mchezo. Mwaka 2006 shingo ya uma wa George Hincapie ilikatika katikati ya mbio za Roubaix, usukani ukabaki mikononi mwake, naye akaenda chini. Kwa hiyo skrubu za usukani zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa, mara nyingi nyutoni-mita tano, na shingo itolewe ikaguliwe baada ya kila anguko.

Jambo la mwisho kwa fundi wa timu: baiskeli zote ziwe na sahani za breki za ukubwa mmoja na ekseli za aina moja. Gari la timu haliwezi kumfikia mtu katikati ya mawe, kwa hiyo msaada ni wa mwenzake anayempa gurudumu lake, au wa mtu aliyesimama mwisho wa kipande na magurudumu mawili mkononi. Kwenye Roubaix ya 2023 Wout van Aert wa Ubelgiji alipata pancha kwenye kipande cha mawe cha Carrefour de l'Arbre, kilomita kama 15 kabla ya kumaliza, wakati yeye na van der Poel ndio waliokuwa mbele. Alipobadilisha gurudumu, mbio zilikuwa zimekwisha kwake.

SWALI: Watangazaji husema kila dakika "nafasi, nafasi, nafasi". Mwenye miguu mizuri si atawapita tu?

JIBU: Tuhesabu. Timu 25 za watu saba ni watu 175. Barabara inayoelekea Koppenberg, kilima cha Flanders chenye mita 600 tu lakini kinachofika mwinamo wa asilimia 22, ni nyembamba, na mara nyingi watu huingia mmojammoja. Kila baiskeli na nafasi yake ni mita mbili. Aliye wa 60 yuko mita 120 nyuma, na kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa hizo ni sekunde kumi. Mpaka hapo si mbaya. Lakini kilima chenyewe ni cha mawe, mtu wa 20 akiteleza na kuweka mguu chini, walio nyuma yake wote wanashuka na kutembea. Hapo sekunde kumi zinakuwa dakika moja, na huko mbele wenye nguvu wanasubiri jambo hilohilo ili wafyatuke. Mwenye miguu mizuri akiwa wa 60 anatembea na baiskeli begani kama wengine.

Hii ndiyo elimu inayomchukua bingwa wa siku moja miaka mingi kuliko kujenga miguu yenyewe. Huanza siku chache kabla, timu inapokwenda kuiendesha kilomita 100 ya mwisho polepole. Wanaangalia kona ipi inaingia kwenye kilima, wapi barabara inapungua upana, upepo siku hiyo utatoka wapi, mfereji uko upande gani. Yote huandikwa kwenye karatasi ndogo inayobandikwa juu ya usukani: kilomita, jina la kilima, urefu, mwelekeo wa kona.

Siku yenyewe, kupanda mbele kunagharimu. Kila unapotoka pembeni ya kundi kwenda mbele unatumia wati 500 na zaidi kwa nusu dakika, bila kivuli cha upepo. Ukifanya hivyo mara 20 kwa sababu unaachia nafasi na kuirudia, umeitumia mbio kabla haijaanza. Panda mara moja, kilomita nane au kumi kabla ya kona muhimu, ukiwa nyuma ya wenzako wawili, na mmoja nyuma yako akiwazuia wengine. Pita upande usiopigwa na upepo. Pita pale kundi linapolegea, hasa mara baada ya kilele cha kilima, ambapo kila mtu anavuta pumzi. Na ukishafika kati ya 20 wa kwanza, kazi yako ni kukaa hapo, yaani kusonga mbele kidogo kila dakika, kwa sababu asiyesonga anarudi nyuma bila kujua.

Upepo wa ubavuni una sheria yake. Ukitoka kushoto, watu hujipanga mshazari kutoka kushoto mbele kwenda kulia nyuma, kila mmoja akijificha kuliani kwa aliye mbele yake. Barabara ya mita tano haimezi zaidi ya watu tisa au kumi kwa mstari mmoja. Wa 11 amebaki ukingoni mwa mfereji bila kivuli chochote, na hapo hudumu dakika tatu kisha anakatika pamoja na wote walio nyuma yake. Akiwa na akili hang'ang'anii. Anageuka na kuwaita walio nyuma waanzishe mshazari wa pili.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi na ninashindana. Kwenye mbio za kilomita 130 nilizimika kilomita ya 110, nikawa kama taa iliyoishiwa mafuta, ingawa asubuhi nilikula vizuri. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kosa lako huenda si asubuhi, ni saa moja ya kwanza ya mbio. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unatosha kwa saa mbili hivi za mwendo mkali. Anayesubiri kusikia njaa ndipo ale amechelewa, kwa sababu chakula cha wakati huo kitafika kwenye miguu wakati kundi limeshaondoka.

Chukua mtu wa kilo 70. Siku moja kabla ale gramu 560 hadi 700 za wanga kwa siku nzima. Saa tatu kabla ya kuanza, gramu 140 nyingine, vyakula laini, mafuta na nyuzinyuzi kidogo. Ndani ya mbio aanze kula kabla ya nusu saa kwisha na asiache. Wataalamu wa kulipwa siku hizi hufika gramu 90 hadi 120 za wanga kwa saa. Ndizi ya kawaida ina 25 hivi, pakiti moja ya jeli ya wanga 25 hadi 40, kipande cha wali uliobanwa 25 hadi 30.

Tumbo halikubali gramu 100 siku ya kwanza. Utumbo hupitisha glukosi kama gramu 60 kwa saa, na fruktosi hupita mlango wake mwingine, ndiyo maana mchanganyiko wa sehemu moja ya glukosi kwa 0.8 ya fruktosi hufyonzwa vizuri zaidi. Sukari ya kawaida ni nusu kwa nusu, kwa hiyo haiko mbali: gramu 80 katika lita moja ya maji, na robo kijiko cha chai cha chumvi. Anza mazoezini na gramu 60 kwa saa, ongeza kumi kila wiki. Tumbo likivuruga, rudi hatua moja. Usijaribu kitu kipya siku ya mashindano.

Na ujue mahali pa kula. Kwenye mawe, kwenye mteremko na kwenye kona mkono hauwezi kuacha usukani. Fungua vifuniko vya jeli nusu kabla ya kuanza, na ule dakika kumi kabla ya kila kilima.

SWALI: Wanafanyaje mazoezi ili wawe na nguvu saa ya sita, wakati wengine wamekwisha?

JIBU: Kwa kuizoeza saa hiyo. Watu wawili wanaweza kutoa wati sawa kwa dakika tano wakiwa wapya asubuhi. Baada ya saa tano mmoja amepoteza asilimia 5 na mwingine 15, na huyo wa kwanza ndiye anayeshinda Flanders ingawa maabara inawaonyesha sawa. Zoezi lenyewe: saa nne za mwendo wa kuweza kuzungumza, ukila kama siku ya mashindano, kisha mara nne dakika nne kwa nguvu unayoweza kuidumisha sawasawa, ukipumzika dakika tatu katikati, kisha mifyatuko mitatu ya sekunde 15. Mara moja kwa wiki tu. Wanaoharibikiwa ni wale wanaolifanya na tumbo tupu, au wanaolifanya mara tatu kwa wiki. Siku kumi hadi 14 kabla ya mbio kubwa punguza saa kwa nusu, lakini ukali wa vipande vifupi ubaki vilevile.

SWALI: Girmay aliposhinda Gent-Wevelgem, mbio za siku moja za Ubelgiji, wengine walisema alibahatika kwa kuwa hakuna aliyemjua. Ni kweli?

JIBU: Walikuwa wanamjua. Siku mbili kabla alikuwa wa tano kwenye E3, mbio zenye vilima vilevile vya Flanders. Gent-Wevelgem haikuwa hata kwenye ratiba yake, aliongezwa kwa sababu ya matokeo hayo. Tarehe 27 Machi 2022 alichomoka pamoja na watatu, akaanza mfyatuko wa mwisho mapema, na Christophe Laporte hakuweza kumpita. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo. Kuanza mapema kulikuwa hesabu: miguu ikiwa imechoka na waliopo ni wanne tu, anayesubiri mita 150 za mwisho huishia kukosa nafasi ya kumpita aliyetangulia.

SWALI: Na wanawake? Naona habari zao ni chache.

JIBU: Ni chache kuliko wanavyostahili. Flanders yao ilianza 2004, Liège 2017, na Roubaix ilisubiri hadi Oktoba 2021, ambapo Lizzie Deignan wa Uingereza aliendesha peke yake zaidi ya kilomita 80 kwenye mawe yenye tope, mikono bila glavu, akamaliza damu ikiwa kwenye usukani. Lotte Kopecky wa Ubelgiji ameshinda Flanders mara tatu, Roubaix mara moja na ubingwa wa dunia mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Mbio zao ni fupi, Flanders yao ikiwa kama kilomita 160, kwa hiyo mashambulizi huanza mapema na timu huwa na watu sita. Ushauri wote wa nafasi, matairi na chakula ni uleule.

SWALI: Jezi ya upinde wa mvua inavaliwaje, na kwa nini mbio za dunia huonekana za fujo?

JIBU: Bingwa wa dunia huivaa mwaka mzima katika mbio za aina aliyoshinda. Wa barabarani haivai kwenye mbio za kushindana na saa. Mwaka ukiisha hubaki na mistari ya rangi kwenye mikono na kola ya jezi zake. Peter Sagan aliishinda miaka mitatu mfululizo, 2015 hadi 2017.

Fujo inatokana na mambo mawili: watu huendeshea nchi zao, si timu zinazowalipa, na hakuna redio masikioni. Habari hupatikana kwa ubao wa pikipiki na kwa kurudi kwenye gari. Kigali mwaka 2025, mashindano ya kwanza ya dunia ya barabarani kufanyika Afrika, yalikuwa na kilomita 267.5 na zaidi ya mita 5,000 za kupanda. Pogačar alishambulia kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita 104, akabaki peke yake kwa kilomita 66 za mwisho, na waliomaliza walikuwa 30 tu.

SWALI: Nilivunjika mtulinga mwezi uliopita. Je, msimu wangu umekwisha?

JIBU: Pole sana. Huenda haujakwisha. Cancellara alivunjika mtulinga sehemu nne kwenye Flanders ya 2012, na mwaka uliofuata akashinda Flanders na Roubaix. Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono mwishoni mwa Februari 2016. Akafanya mazoezi ndani ya nyumba kwenye baiskeli iliyofungwa, na wiki sita hivi baadaye akamshinda Boonen kwenye Roubaix, akiwa na miaka 37 na akishiriki kwa mara ya 15.

Mfupa uliokaa vizuri huachwa ujiunge kwa kitambaa cha kuning'iniza mkono. Uliopishana hufungwa kwa bamba na skrubu. Kwa ruhusa ya daktari, wengi huanza baiskeli iliyofungwa ndani ya wiki moja au mbili, mkono ukiwa haubebi uzito. Barabarani usirudi kabla picha ya eksirei haijaonyesha mfupa umeshika, kwa kawaida wiki sita au zaidi. Mtulinga usioshika ukiangukiwa mara ya pili huvunja na bamba.

Kichwa ni habari nyingine kabisa. Aliyeanguka akishindwa kusema yuko kilomita ya ngapi, akitapika, akiona vitu viwiliviwili au akiyumba akisimama, mbio zake zimekwisha siku hiyo hata kama anasisitiza yuko sawa. Apumzike kabisa siku moja au mbili, arudi kidogokidogo, na asishindane kabla ya wiki moja kupita tangu dalili zote ziondoke. Kijana asubiri mbili. Kofia iliyogonga ardhi itupwe hata kama haionyeshi ufa, kwa sababu povu lake la ndani likishabonyea halirudi.